Tutakuita

Katika karakana ile ya ushonaji, neno "tutakuita" lilikuwa na maana moja tu: nenda zako, na usijisumbue kukaa karibu na simu. Kila fundi wa pale alilijua hilo. Waombaji wa kazi ndio walikuwa hawalijui, maskini, kwa sababu Bi Uzi alilitamka kwa upole, huku akiwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe kama anayemsindikiza mgeni wa heshima. Walitoka wakitabasamu. Wengine hata walimshukuru.

Mwaka ule alikuwa amelisema mno hadi mafundi wakaligeuza utani. Mtu akiomba kuazimwa mkasi anajibiwa, "Tutakuita." Mpiga pasi akiuliza chai iko wapi, "Tutakuita." Bi Uzi aliwasikia na kujifanya kiziwi. Kwake halikuwa jambo la mzaha hata kidogo. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, macho yalikuwa yameanza kumgomea, na hakuwa amepata hata mtu mmoja wa kumwachia meza yake.

Meza yenyewe, ukiitazama juu juu, unaweza kuidharau. Karakana ilishona sare za shule, za hospitali, za hoteli, na vyerehani vilivyotoa sare hizo vilijaza ukumbi mzima kwa makelele. Meza ya Bi Uzi ilikuwa kando ya dirisha, kimya, na juu yake hapakuwa na mashine yoyote. Ilikuwa meza ya kufumulia. Hapo ndipo zilipoletwa nguo zilizobana na zilizopwaya, kola zilizochakaa upande mmoja ili zigeuzwe, makoti ya marehemu ili yapunguzwe yamtoshe mtoto wake. Kabla hujashona upya ni lazima ufumue, na kufumua si kuchana. Ukiingia na pupa unatoboa kitambaa, na kitambaa kikishatobolewa hakuna fundi duniani atakayekurudishia. Kwa hiyo kila aliyeajiriwa pale, awe wa cherehani au wa kukata, alianzia kwenye meza ile, akafumua mpaka mikono yake ikatulia. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na Bi Uzi ndiye aliyekuwa akiwachagua na kuwafundisha.

Asubuhi hiyo Meneja alimfuata pale pale mezani. Alikuwa mtoto wa marehemu tajiri aliyeanzisha karakana, na Bi Uzi alimjua tangu alipokuwa akitambaa chini ya meza ya kukatia na kutia vifungo mdomoni. Sasa alikuwa na kitambi na simu mbili, lakini akitaka kumwambia Bi Uzi jambo zito bado alijikuna shingo kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona macho mekundu?"

"Kichanga. Usiku kucha anatuimbia, mchana analala kama mlinzi." Akaweka mfuko mdogo mezani. "Mama kanituma. Ni lile sweta langu la utotoni, anataka mjukuu wake alivae. Limefumuka kwapani. Kasema asiliguse mtu mwingine ila wewe."

Bi Uzi alifunua mdomo wa mfuko kidogo. Alipoiona rangi, ile damu ya mzee iliyofifia kidogo, moyo ulimruka. Akaufunga mfuko haraka.

"Liache. Nitalitazama nikimaliza na hawa wanaokuja leo."

Meneja akajikuna shingo. "Hilo ndilo jingine, shangazi. Hawa wanaokuja leo ndio wa mwisho."

"Wa mwisho vipi?"

"Mwaka mzima umerudisha watu. Wazuri, wabaya, wenye vyeti, wasio na vyeti, wote umewaambia tutakuita. Mafundi wamechoka, kazi ya hoteli inachelewa. Leo ukimpata mtu, umfundishe, mimi sina neno. Usipompata, mwezi ujao naajiri kwa utaratibu wangu. Mtu anakaa kwenye cherehani, naangalia anashona vipi, basi. Na hii meza itabidi niiondoe, kwa sababu ukishaondoka wewe nani atakaa hapa?"

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Bi Uzi, maana angekuwa mkali angemjibu, na majibu alikuwa nayo ya kutosha. Alichoweza kusema ni, "Haya, baba. Nimekusikia."

Meneja alipoondoka, alibaki ameshika ukingo wa meza. Mbao zake zilikuwa zimelainika kwa viganja, vyake na vya aliyemtangulia. Aliyemtangulia aliitwa Bi Mkasi, na siku kama hiyo Bi Uzi alimkumbuka sana.

Bi Mkasi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkasi ulioning'inia shingoni kwa utepe, peremende shavuni, na ulimi ambao wauza vitambaa walivuka barabara kuukwepa. Siku Bi Uzi alipofika pale mara ya kwanza, msichana mwembamba aliyevaa viatu vya kuazima, alikuja kwa makosa. Nje ya karakana palikuwa na kibao: KAZI IPO, ANATAKIWA MTU WA KUFUMA. Kufuma alikuwa anakujua. Basi akaja na sweta alilolifuma mwenyewe, limekunjwa ndani ya khanga, ili waone kazi yake.

"Hili ni zuri," Bi Mkasi alimwambia, akiligeuza huku na huku. "Lakini hapa hatufumi, mwanangu. Tunafumua. Mchora kibao alianza na herufi kubwa kama nyumba, alipofika mwisho mbao ikamwishia, akaimeza u moja. Sasa kila siku naletewa vitambaa vya meza."

Msichana aliinama kuchukua sweta lake aende. Bi Mkasi hakuliachia.

"Unaitaka kazi?"

"Naitaka."

"Basi lifumue. Lote. Nataka uzi, sitaki vipande."

Bi Mkasi hakujua, au pengine alijua, maana yule bibi alikuwa na jicho, kwamba sweta lile halikuwa la mfano. Lilikuwa la baba. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala, na baridi ya alfajiri ilikuwa imemwingia kifuani. Alilifuma ili baba ajikinge nalo. Mikono ya sweta ilikuwa bado haijaisha baba alipofariki, naye aliimalizia hivyo hivyo baada ya mazishi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na vidole vyake. Nyumbani walibaki mama na wadogo zake, na hapakuwa na mwingine wa kuwatafutia. Akakaa kwenye kiti, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuvuta. Alifumua shingo, akafumua kifua, akafumua mikono. Machozi yalimtiririka mpaka hakuona anachofanya, na Bi Mkasi hakumwambia nyamaza wala hakumwambia acha. Alipomaliza, bibi alimwambia tu, "Nenda kanawe uso."

Aliporudi alikuta bonge la uzi juu ya meza, la mviringo, limekazwa vizuri. Bi Mkasi alikuwa amesimama na tajiri. "Huyu hapa," alisema. "Kafumua sweta zima, na uzi haukukatika hata mara moja. Huyu tusimwache."

Ndipo akaitwa Uzi, na miaka ilivyokwenda likawa Bi Uzi, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti. Lile bonge Bi Mkasi hakumrudishia. Alimwomba amwachie. Mke wa tajiri alikuwa amejifungua, naye Bi Mkasi akalitumia kufuma sweta la mtoto, na mtoto huyo akatambaa nalo karakana nzima akila vifungo. Kila Bi Uzi alipoliona sweta hilo dogo likipita chini ya meza, alijisikia kama baba yake kapita na kumgusa mguu. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini ndiyo furaha iliyomtunza miaka ile ya mwanzo.

Naye Bi Mkasi alimsimulia kila mgeni habari ile. Mteja akisema nguo yake ni laini, anaambiwa, "Mpe huyu. Huyu uzi haukatiki mikononi mwake." Habari ikakua, ikatiwa chumvi, ikawa ndiyo sheria ya mlangoni. Bi Mkasi alipofariki na Bi Uzi akakaa kwenye kiti chake, akawa anafuma vipande vya sufu, kiasi cha kitambaa cha mkononi, na kila mwombaji kazi anapewa kipande akifumue. Uzi ukikatika, tutakuita.

Sasa sufu yenyewe aliyokuwa akiitumia aliinunua kwa bei ya kutupa kwenye duka lililokuwa linafungwa, imekaa stoo mpaka imeshikamana. Meneja alishawahi kumwambia kwamba uzi ule ukipiga chafya unakatika. Bi Uzi alimjibu kwamba sweta la baba yake nalo halikuwa la hariri.

Waombaji wa siku hiyo walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na mikono safi. Alifumua taratibu, vizuri tu, na alipokaribia kumaliza uzi ukakatika. Akaomba radhi. Bi Uzi alimfungulia mlango, na hata yeye mwenyewe moyoni alijua kwamba yule mama alistahili zaidi ya hapo.

Wa pili alikuwa kijana msafi wa suruali iliyonyooshwa na maneno yaliyonyooshwa zaidi. Alisifu karakana, akasifu meza, akasifu miwani ya Bi Uzi. Uzi ulipokatika aliisokomeza ncha ndani ya bonge kwa kidole gumba, huku akiendelea kusifu. Huyo aliambiwa tutakuita kabla hajamaliza sentensi.

Wa tatu alikuwa binti mwembamba mwenye begi la mgongoni. Alisimama mlangoni akisita, akatazama nje kwenye kibao, akatazama ndani.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa ndipo panapotakiwa mtu wa kufuma? Nimeleta kofia."

Akatoa begini kofia ya sufu ya kijani, imefumwa kwa mikono, imependeza. Mafundi wa karibu wakaangua kicheko, maana kibao hakikuwahi kurekebishwa. Kila Meneja alipotaka kukishusha, Bi Uzi alikuwa na sababu. Bi Uzi hakucheka. Aliitazama kofia, akaona viatu vya binti vimempwaya, na kitu kikamlainika kifuani. Kwa sababu hiyo hiyo akajikaza. Aliogopa kumchagua mtu kwa huruma ya kujiona mwenyewe.

"Hapa tunafumua, mwanangu. Kaa. Fumua hiki. Nataka uzi, sitaki vipande."

Binti alikaa. Akatafuta ncha ya uzi. Alivuta kidogo tu, uzi ukasema *tap*.

"Umekatika, mama," alisema.

"Endelea."

Akaendelea. Ukakatika tena. "Tena umekatika." Hakuficha, hakujitetea, hakulaumu uzi. Kila kipande alikilaza mezani kando ya mwenzake, akikinyoosha kwa kiganja, kisha akatafuta ncha nyingine na kuanza upya. Alifumua mpaka mstari wa mwisho. Alipomaliza, meza ilikuwa imejaa nyuzi fupifupi zilizolala sambamba, na yeye alizitazama kwa aibu.

"Nimekiharibu," alisema. "Lakini vipande vyote vipo, hakuna kilichopotea."

Bi Uzi alinyanyuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akaufungua.

"Asante, mwanangu. Tutakuita."

Uso wa binti uling'aa. "Kweli, mama? Mtanipigia?"

"Tutakuita," Bi Uzi alirudia, na safari hii hakuweza kumtazama machoni.

Basi imekwisha, aliwaza aliporudi kitini. Bi Mkasi, nisamehe, nimetafuta. Mwezi ujao meza hii itakwenda kuwekwa maboksi. Mtu akileta koti la baba yake, atapewa kijana mwenye wembe. Alijisikia mchovu, na zaidi ya kuchoka alijisikia peke yake, kama aliyebaki kwenye harusi wageni wote wakiwa wameshaondoka.

Akavuta mfuko wa Meneja. Angalau sweta lile alikuwa bado na uwezo nalo.

Lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Alilileta usoni akalinusa, likanuka sabuni na sanduku, na kwa muda mfupi alimwona baba yake mlangoni na tochi mkononi, akiwaambia walale. Alijifuta macho, akatafuta kwapa lililofumuka. Ili alizibe vizuri ilibidi aligeuze nje ndani. Miaka yote alikuwa ameliona kwa nje tu, likiwa mgongoni mwa mtoto.

Macho yake hayakuwa ya kutegemewa tena, kwa hiyo alipitisha kidole gumba. Kidole kikagusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchele. Akakivuka. Sentimita chache mbele, kingine. Akalisogeza sweta dirishani. Kingine tena, na kingine ubavuni, na mgongoni, na kwenye mikono vilikuwa vimejaa.

Mafundo.

Alivaa miwani juu ya miwani, yake na ya fundi aliyekaa jirani, akainama. Aliyafahamu mafundo yale. Kila ncha imeifunga mwenzake, kisha zimevutwa mpaka zikakutana, mikia ikarudishwa katikati ya nyuzi ili upande wa nje usionyeshe kitu. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga namna ile, na alimfundisha mtu mmoja tu, mwaka wake wa mwisho, akimwambia, "Hili ni letu, usilitangaze."

"Shangazi, vipi?" Fundi wa jirani alishtuka. "Mbona umeganda?"

Bi Uzi alikuwa mbali, amekaa kwenye kiti hiki hiki akiwa msichana, macho yamejaa machozi, anavuta uzi. Na sasa alisikia, wazi kabisa, sauti ambayo miaka yote kumbukumbu yake ilikuwa imeifunika: *tap*. Halafu tena, *tap*. Alikuwa amelikata sweta la baba yake vipande vipande. Hakuona, kwa sababu alikuwa analia. Aliyeona ni Bi Mkasi. Alimtuma akanawe uso, akakusanya vipande vyote vya mezani, akavikaza haraka kuwa bonge, kisha akamdanganya tajiri macho makavu. Vile vipande akaenda kuviunga kwake nyumbani, kimoja kimoja, na ndiyo maana hakumrudishia bonge lake.

Uzi mzima haukuwahi kuwapo. Bi Mkasi alikuwa amempenda mtu kwanza, uzi akautengeneza baadaye. Na yeye, Bi Uzi, kwa jina la uongo ule mtamu alikuwa amewafungulia mlango wangapi watoke?

Alilia hapo hapo, mbele ya mafundi, bila kujificha, halafu katikati ya kulia akaanza kucheka. Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Meneja alitoka ofisini mbio, simu zote mbili mkononi.

"Shangazi! Nani kakuudhi?"

"Bibi yako Mkasi," alisema. "Kanichezea miaka yote hii. Yule binti wa kofia kaelekea wapi?"

"Binti gani? Si umeshamwambia..."

"Najua nilichomwambia! Kaelekea wapi?"

Mpiga pasi, aliyekuwa karibu na dirisha, alinyoosha mkono kuelekea mwisho wa mtaa. Bi Uzi akatoka na miwani miwili usoni na sweta la kichanga mkononi. Hakuwa mtu wa kukimbia, magoti yalikuwa yameshamkataza zamani, lakini siku hiyo hakuyaomba ruhusa. Alipita chini ya kibao kisicho na u, akapita kwa muuza magazeti, akapita kwa kinyozi. Moyo ulimwambia kwamba amechelewa, kwamba binti ameshapotea katika watu.

Hakuwa amepotea. Alikuwa mbele ya kibanda cha kuchajia simu, amekaa kwenye kreti la soda lililogeuzwa, begi mapajani, anakitazama kisimu chake kilichochomekwa ukutani katikati ya simu za watu. Alikuwa akikilinda kama mtu anayelinda maziwa jikoni.

Alipomwona Bi Uzi alisimama haraka, akahangaika.

"Mama, samahani! Ilikuwa imezima chaji. Nikaona nisiende mbali, mkinipigia msinikose. Mmeshapiga?"

Bi Uzi alishika nguzo ya kibanda avute pumzi. Alitaka kusema mengi. Alitaka kuomba radhi kwa binti huyu, na kwa yule mama mwenye mikono safi, ambaye angemtafuta kesho, na kwa wote waliolala na simu masikioni kwa ajili ya neno lake. Pumzi ilitosha kwa machache tu.

"Nilisema tutakuita," alisema. "Haya, nakuita."

Binti alimtazama, akatazama lile sweta dogo, asielewe. "Lakini mama, mimi nilikata uzi."

"Najua," Bi Uzi alisema, akamshika mkono. "Twende nikufundishe kuunga."